Ugenini Mko Wawili Tu



Wanandoa wapendwa, siku hizi haipiti miezi mingi bila kusikia kanisani, baada ya Komunyo, tangazo la familia inayoomba sala kwa kuwa inasafiri kwenda ng'ambo. Mama ni muuguzi, amepata kazi hospitalini Uingereza. Yeye ametangulia, amepanga nyumba, na sasa baba anafunga mizigo pamoja na watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine ambaye bado ananyonya kidole. Watu wanapiga makofi. Padre anawanyunyizia maji ya baraka. Huko nje akina mama wa CWA wanamwambia yule baba, "Sasa nyinyi mmefika!"

Sitaki kuwapunguzia furaha hiyo. Kazi ni baraka, na mshahara wa kuweza kulisha watoto ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mimi nimewafundisha wachumba wengi kabla ya ndoa, na baadhi yao wako huko leo, na hunipigia simu. Hawapigi ili kunieleza habari za theluji. Wanapiga kwa sababu wanaishi nyumba moja na hawaonani, na wakionana wanagombana. Kwa ajili yao, na kwa ajili yenu mnaotafuta vyeti sasa hivi, naomba tuzungumze.

Tuanze na sheria kidogo, maana watu husafiri kwa uvumi. Serikali ya Kenya na ile ya Uingereza zilitia sahihi mkataba wa wahudumu wa afya mwezi Julai 2021. Muuguzi aliyesajiliwa kule anaweza kuwaombea viza mwenzake wa ndoa na watoto walio chini ya miaka 18. Lakini wale wa kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa majumbani, wanaoomba viza kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kwenda na jamaa zao, na mwezi Julai 2025 mlango wa kuajiri watunzaji hao kutoka nchi za nje ulifungwa. Basi ajenti akikuahidi leo kwamba atakupeleka wewe, mke wako na watoto kwa kazi hiyo, shika fedha zako vizuri mfukoni.

Tena jueni kwamba familia yenye viza ya namna hii hailipwi ile posho ya watoto ambayo serikali ya huko huwapa wenyeji. Kodi mtalipa kama wengine, ila posho hamna. Na mtoto mtakayemzaa huko mkiwa na viza tu hawi raia wa Uingereza kwa sababu ya kuzaliwa pale; ndivyo ilivyo kwao tangu Januari 1983. Yeye ni Mkenya wa kuzaliwa kwa Katiba yetu ya mwaka 2010, mradi baba au mama yake awe Mkenya. Nalisema hili kwa sababu nimesikia watu wakifanya mipango ya uzazi kwa kutegemea jambo lisilokuwapo.

Haya, sheria tuiache.

Hapa kwetu, mtoto hulelewa na mikono mingi kuliko wazazi wenyewe wanavyofahamu. Hebu hesabu. Yuko nyanya yake, hata akiwa mbali, maana mtoto akisumbua hupelekwa kwake Desemba nzima. Yuko msichana wa kazi. Yuko mama wa mlango wa pili ambaye humchukua mtoto bila hata kuulizwa, akampa uji pamoja na wa kwake. Yuko shangazi anayesoma chuo na kulala sebuleni kwenu. Wako watoto wakubwa wa ploti, wanaomtazama huyu mdogo asitoke barabarani. Iko Jumuiya, ambayo mama akijifungua huja na sufuria za chakula na kufua nguo. Mume na mke wakikosana, mikono hii yote huendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mnaweza kununiana siku tatu, na mtoto akala, akaoga, akalala. Wengi wetu ndoa zetu zimebebwa hivyo, nasi tukadhani tunajibeba wenyewe.

Mkivuka bahari, mikono hiyo yote inabaki uwanja wa ndege. Mnafika mkiwa wawili tu.

Niwaeleze siku moja ilivyo. Zamu ya mchana hospitalini huchukua saa kumi na mbili au zaidi kidogo. Huanza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuisha karibu saa mbili usiku. Mama ametoka nyumbani watoto wamelala, na atarudi watoto wamelala. Baba anawaamsha, anawavisha fulana, sweta, koti, soksi mbili mbili. Mtoto wa miaka minne anakwenda shule, kwa maana huko England huanza darasa la kwanza kabisa mwezi wa Septemba baada ya kutimiza miaka minne. Shule ya serikali ni bure, na chakula cha mchana katika madarasa yale ya chini ni bure pia, Mungu ashukuriwe. Lakini shule ni hadi saa tisa na kitu alasiri, na mzazi lazima awe amesimama langoni. Hakuna cha kumtuma mtoto wa jirani akamchukue. Na yule mdogo? Nasari ya kulipia ni ghali mno, humeza mshahara. Saa 15 za bure kwa wiki zipo kwa kila mtoto wa miaka mitatu na minne, wakati wa shule tu, yaani wiki 38 kwa mwaka. Kabla ya hapo, familia yenye viza ya namna hii kwa kawaida hujilipia.

Kwa hiyo wengi hufanya hivi: mama afanye kazi mchana, baba afanye usiku, labda katika bohari la kupakia mizigo. Mama akiingia saa mbili na nusu usiku, baba ameshavaa viatu. Wanakutana mlangoni. "Mdogo ana homa kidogo, dawa nimempa saa kumi na mbili. Wali uko kwenye sufuria. Haya." Mlango unafungwa. Wanapokezana watoto kama walinzi wawili wanavyopokezana rungu. Siku ambayo zamu zimebadilika, na wote wawili wako nyumbani, mmoja wao amelala usingizi wa mchana, na mwingine anawakataza watoto wasipige kelele.

Tafadhali, hata mkiwa mmechoka namna gani, msiwaache watoto wadogo peke yao nyumbani hata kwa nusu saa ya kupishana njiani. Sheria ya huko haikutaja umri, ila ni kosa kumwacha mtoto mahali ambapo anaweza kudhurika, na mtoto mchanga haachwi kamwe. Hapa kwetu tungesema "jirani yuko". Kule jirani hajui jina lako.

Na baridi yenyewe ina mambo yake. Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni. Juni ni kinyume: linazama baada ya saa tatu usiku, nanyi mnamlazimisha mtoto kulala huku anaona kweupe dirishani. Kwa kuwa jua ni haba na ngozi yetu ni nyeusi, sikilizeni madaktari wao wanaposema mtoto apewe matone ya vitamini D kila siku. Msidharau.

Lakini nirudi kwenye ndoa. Watu wawili waliochoka wanapoanza kupungukiwa, huanza kuhesabu. Mimi nimeosha vyombo mara nne, wewe mara moja. Mimi nimeamka usiku, wewe ulikuwa unakoroma. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki. Hesabu hii huanza kimoyomoyo, halafu hutoka mdomoni, na ikitoka haina mwisho, kwa kuwa kila mmoja ana daftari lake na hakuna anayeandika kazi ya mwenzake. Nimegundua jambo moja kwa kuwasikiliza watu hawa: karibu kila mmoja hunieleza kwa urefu alichokifanya yeye, na nikimwuliza mwenzake alifanya nini jana, ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Naye alikuwa kazini."

Dawa ninayowapa ni ya kitoto, lakini inafaa. Pale mlangoni mnapopokezana, kabla ya habari ya homa na wali, mtaje mwenzako jambo moja alilolifanya leo na umshukuru kwa jina analolipenda. Pole, Mama nanii, umesimama mchana kutwa. Asante, Baba nanii, watoto wameoga. Inachukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Kule hakuna mwingine wa kumwambia pole. Hapa nyumbani angeambiwa na mama yake, na dada yake, na watu wa Jumuiya. Usipomwambia wewe, siku hiyo imepita bila mtu kumwambia.

Sasa nizungumze na waume, na mwende pamoja nami taratibu.

Wewe hapa ulikuwa mwalimu. Watu wakikuita "Mwalimu" hata sokoni. Ulikuwa mwenyekiti wa Jumuiya, na kwenye harambee jina lako lilitajwa mapema. Kule karatasi ya viza inakutaja kuwa mtegemezi wa mke wako. Cheti chako cha ualimu hakikukuingiza darasani mara moja, umeshika kazi ya kubeba maboksi usiku, na kijana wa miaka ishirini anakuita kwa jina la kwanza na kukuonyesha saa. Ukirudi asubuhi unakuta nepi. Ndugu zako wakipiga simu, hutaki wajue. Nalielewa jambo hili, na sitalifanyia mzaha kama wengine wanavyofanya. Linauma. Nimewasikia waume wazuri wakianza kunywa peke yao jikoni kwa ajili ya jambo hili, na wengine wakianza kuamrisha kwa sauti kubwa mambo madogo madogo, kama vile chumvi, ili waonekane bado ni wakuu.

Mtazame Mtakatifu Yosefu. Mathayo anatueleza katika sura ya pili, aya ya 13 hadi 15, jinsi alivyoonywa katika ndoto na kuondoka usiku uleule kwenda Misri, akiwa na Mtoto na Mama. Injili haikutuambia alipata kazi gani huko. Pengine mafundi wa Misri hawakumtaka. Pengine alibeba mbao za mtu mwingine. Jambo tunaloambiwa ni kwamba alipoambiwa aende alikwenda, na alipoambiwa arudi alirudi. Tena fikiri: katika nyumba ile ya watu watatu, Mtoto alikuwa Mungu, na Mama hakuwa na doa la dhambi, naye Yosefu ndiye aliyeamka usiku kufunga mizigo. Huo ndio ukuu wa baba wa nyumba. Baba Mtakatifu Pius XII, katika hati yake *Exsul Familia* ya mwaka 1952, aliiweka familia hiyo takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa kila familia inayolazimika kuhama. Basi mume anayebadilisha nepi katika chumba cha kupanga mjini Leeds au Birmingham hakuacha kiti chake. Amekikalia.

Na wewe mama, kuna neno moja ambalo naomba lisitoke kinywani mwako hata ukichokozwa namna gani: "Mimi ndiye niliyekuleta hapa." Nimeona linavyofanya kazi. Mume akilisikia mara moja, hulisikia kila siku, hata usiposema kitu. Ukiweka sahani mezani, analisikia. Ni kweli viza ni yako na mshahara mkubwa ni wako. Lakini mbele ya altare hamkuulizana nani atakuwa na viza. Mtume Paulo, kabla ya kuwaambia wake na waume kila mmoja wajibu wake, anawaambia wote wawili wanyenyekeane kwa sababu ya Kristo (Efe 5:21). Aya hiyo huwa tunairuka tunaposoma, tukakimbilia ile tunayoipenda.

Jambo la pili ni kitanda. Nitasema kwa adabu. Watu wanaofanya kazi kwa kupishana wanaweza kumaliza miezi mitatu wakilala kitanda kimoja, kila mmoja kwa saa zake, na shuka haikuwahi kuwafunika pamoja. Wanaanza kuzoea. Huko kuzoea ndiko ninakokuogopa. Paulo anawaonya wanandoa wasinyimane, isipokuwa kwa kupatana, kwa muda, kwa ajili ya sala, kisha wakutane tena (1 Kor 7:3-5). Hakutaja ratiba ya zamu kuwa sababu. Kwa hiyo, ratiba ya mama inapotoka, na kwa kawaida hutoka wiki kadhaa mapema, kaeni nayo mezani kabla hamjaibandika kwenye friji. Chukueni kalamu nyekundu. Tafuteni saa ambazo wote wawili mko nyumbani na macho, mzizungushie duara, na saa hizo msizitoe kwa zamu ya ziada hata malipo yakiwa mazuri. Mkikuta hakuna hata duara moja katika wiki nne, basi ratiba hiyo haifai ndoa, na ni lazima mmoja aombe ibadilishwe. Tangu Aprili 2024, mwajiriwa katika England, Wales na Scotland ana haki ya kuomba mpango mwingine wa saa za kazi tangu siku yake ya kwanza. Mwajiri anaweza kukataa kwa kutoa sababu, lakini kuomba si kosa na si aibu. Watu wetu huogopa. Wanadhani wakiomba watarudishwa Kenya.

Halafu iko fedha. Mwaka 2024 Wakenya walioko nchi za nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Tunaisoma habari hiyo gazetini na kufurahi. Lakini mimi najua kwamba baadhi ya hizo zilitumwa kwa siri, mume asijue, au mke asijue. Karo ya mdogo wangu, mabati ya mama, hospitali ya mjomba. Yote ni mahitaji ya kweli, na amri ya nne inatudai tuwaheshimu wazazi. Hata hivyo, kutuma kwa siri ni kuiba katika nyumba yako mwenyewe. Patananeni kiasi kwa mwezi, upande wa mume na upande wa mke, kiasi ambacho hakiwalazimishi kuuza lile duara jekundu. Kikiisha, kimeisha. Na ujumbe wa "mwezi huu hatuwezi" upelekwe na mwenye jamaa: mume awaambie watu wake, mke awaambie watu wake. Ukimwachia mwenzako kazi hiyo, atachukiwa na ukoo mzima kwa kosa ambalo si lake.

Kuhusu watoto nina maneno machache, ila ni ya lazima. Watajifunza Kiingereza bila msaada wenu, tena cha pua. Ninyi zungumzeni nao Kiswahili, au lugha ya nyumbani, tangu asubuhi hadi kulala. Mtoto hapotei akili kwa kuwa na lugha mbili. Hapa kwetu tunazo tatu na tunahesabu mabadiliko ya matatu vizuri sana. Nimemwona nyanya mmoja akishika simu, mjukuu anaongea, naye anacheka tu kwa kuwa hakuelewa hata neno. Baada ya kukata simu hakucheka tena.

Kuhusu fimbo: Scotland walikataza kabisa kumpiga mtoto tangu Novemba 2020, na Wales tangu Machi 2022. Na hata England, mwalimu akiona alama atauliza, na wakubwa wa ustawi wa watoto watabisha hodi. Msilalamike kwamba mmenyang'anywa watoto. Paulo aliwaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao muda mrefu kabla ya sheria hizo (Efe 6:4). Lakini patananeni ninyi wawili jinsi mtakavyomwonya mtoto, kwa sababu mtoto mdogo hutambua upesi sana mzazi gani ana zamu, na kwamba lililokatazwa na baba mchana linaweza kuruhusiwa na mama usiku. Mwambiane pale mlangoni: "Amekataa kula, nimemnyima katuni, usimfungulie."

Na imani je? Huko usitegemee kwamba mtoto ataipata barabarani kama hapa, ambapo akitoka tu anasikia kengele, kwaya na mama anayeimba akifua. Kama baba na mama hawafanyi ishara ya msalaba mezani, mtoto wa Uingereza anaweza kumaliza wiki nzima asione mtu akifanya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia kuwa kama kanisa la nyumbani. Ugenini maneno hayo huwa ya kweli kabisa, kwa kuwa hakuna kanisa lingine siku za wiki. Wakati mmoja wenu yuko kazini, aliyebaki asali na watoto. Fupi tu. Na amtaje yule asiyekuwapo, "Mungu mlinde mama hospitalini", ili mtoto ajue kwamba mama hakumkimbia.

Parokia itawashtua mwanzoni. Misa ni fupi, na watu huondoka bila kusalimiana sana. Msiseme hakuna upendo na kubaki nyumbani. Nendeni kwa padre, jiandikisheni, mwambieni mna watoto wadogo. Angalieni viti vya nyuma: mtawakuta wauguzi wa Kerala na Ufilipino, na Wanigeria, nao wana vigari vya watoto na macho mekundu kwa kukosa usingizi kama ninyi. Hao ndio Jumuiya yenu. Familia moja niliyoifundisha ilipatana na familia ya Kihindi ya parokia hiyo kupokezana watoto Jumamosi, bila malipo, saa tatu hawa, saa tatu wale. Ilichukua mwaka mzima wao kuthubutu kuulizana. Yohane Paulo II, katika *Familiaris Consortio* ya mwaka 1981, alizitaja familia za wahamiaji kwa wajibu wa wachungaji, kwamba popote waendapo walione Kanisa kuwa ni kwao. Basi dai kilicho chako, kwa upole.

Kabla ya safari, pitia ofisi ya parokia uchukue cheti cha ubatizo cha kila mtoto, na cheti chenu cha ndoa. Zipo shule za Kikatoliki huko zisizolipiwa, na nafasi zikiwa chache huwatanguliza waliobatizwa. Bila cheti mtahangaika. Komunyo ya Kwanza mara nyingi wanafundishwa wakiwa na miaka saba au minane, mapema kuliko katika parokia zetu nyingi, kwa hiyo msije mkasema "bado mdogo" na nafasi ikapita.

Nabii Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliohamishwa Babeli, nayo barua hiyo iko katika sura ya 29. Wao walitaka kuishi juu ya mizigo yao, wakingoja kurudi. Yeye akawaelekeza wajenge, walime bustani, waoe na kuzaa, na wauombee mji ule amani. Nayasema haya kwa wale ambao miaka minne sasa hawajanunua meza ya kulia chakula kwa sababu "tutarudi". Nunueni meza. Watoto wanakua sasa.

Neno la mwisho ni kwenu wazazi mliobaki hapa. Mwanao akikupigia kulalamika juu ya mume wake au mke wake, msikilize, lakini usichukue upande. Wewe uko mbali na umesikia zamu moja tu. Na usiombe fedha katika kila simu. Mpe kitu. Unacho. Wakati wa baridi saa zetu ziko mbele yao kwa saa tatu, na kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba ziko mbele kwa saa mbili. Basi mpatane siku mbili kwa wiki. Saa mbili na nusu usiku kwako, wakati wa baridi, ni saa kumi na moja na nusu jioni kwao, na watoto wamekwisha kula. Wasimamishiwe simu mezani, nawe uwasimulie hadithi ya Sungura na Fisi kwa Kiswahili, polepole, kama ulivyowasimulia wazazi wao. Ifanye iwe ndefu. Hadithi ikienda dakika ishirini, baba na mama watakuwa jikoni, mlango umerudishwa, wakinywa chai wawili kwa mara ya kwanza wiki hiyo.